Damu Iliyoulizwa Mara Moja

Niliambiwa nina ukimwi mchana kweupe, nimesimama, miguuni nimevaa viatu vya kuazima, na kando yangu amesimama mwanamume niliyekuwa najiandaa kuolewa naye. Hakuna aliyenipa kiti. Mhudumu wa maabara alitoka akijifuta vidole kwa kitambaa, akamtazama mchumba wangu kwanza, akasema, "Weye kaka uko bien." Kisha akanigeukia mimi, akakohoa kama aliyepaliwa na chai, akasema, "Weye dada, banakukuta na sida."

Nilicheka. Kicheko kilitoka chenyewe, kirefu, cha kijinga, mpaka yule mhudumu akasogea nyuma akidhani nimepandwa na wazimu. Maana mimi nilikuwa sijawahi kulala na mwanamume yeyote. Sijisifu, nasema ilivyokuwa. Nyumba yetu ya Kikula, mtaa wa mji wa Likasi, ilikuwa na vyumba viwili, watu tele, na mama mwenye masikio ya paka. Hata ningetaka, ningefanyia wapi?

Nyuma yetu alikuwepo mtu wa tatu, mama mmoja wa kamati ya ndoa. Hiyo ilikuwa desturi ya kanisa letu miaka ile ya tisini. Wachumba walipimwa damu kabla ndoa haijatangazwa, na kamati ilimtuma mama mmoja aende nao, asikie majibu kwa masikio yake, kusudi asiwepo wa kudanganya. Mama yule alikuwa amebeba mkoba wake mweusi kifuani kama mtoto. Niliposikia mkoba unaanguka sakafuni, ndipo kicheko kilinikatika. Nilijua kabla jua halijazama Kikula nzima itakuwa na habari, na ndivyo ilivyokuwa.

Mchumba wangu hakukimbia. Hilo nalisema mapema kwa sababu ndilo nililolishika kwa mikono miwili miezi yote iliyofuata. Alikuwa dereva wa gari dogo la mizigo lililokwenda Kakanda na kurudi, mtu mpole, mwenye mabega mapana na sauti ndogo isiyolingana nayo. Alinisindikiza mpaka nyumbani. Mlangoni akaniambia, "Minye siendi fasi yoyote. Nitakuya kesho." Na kesho yake kweli alikuja.

Lazima nieleze nilivyokuwa siku ile nilipotolewa damu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza wakati ule, na hapo ndipo kosa lote lilipoanzia. Nilikuwa mgonjwa. Wiki nzima malaria ilikuwa imenitandika, meno yanagongana, kichwa kinaniwanga, masikio yanavuma kwa kwinini. Nilitaka tungoje. Lakini mama alikuwa na haraka zake. Ndoa ilikuwa itangazwe Siku ya Mungu, ndivyo tunavyoiita Jumapili, na tayari ndugu wa upande wa mwanamume walikuwa wamekwishachagua kitenge cha sherehe.

"Mama, niko na homa," nilimwambia.

"Na homa, njo nini?" alijibu huku akinivisha viatu vya dada yangu. "Banataka damu, habatakuambia uimbe. Damu ni damu tu."

Hata leo nikimkumbuka akisema hivyo nahisi hasira na huruma pamoja. Angejuaje? Hata mhudumu wa maabara, aliyesomea kazi hiyo, alinichoma sindano mkono ukiwaka moto kama jiwe la jikoni, na hakuuliza kitu.

Watu watasema mlikuwa wajinga. Hatukuwa wajinga, tulikuwa tumechoka. Mji ulikuwa umevunjika mikononi mwetu. Baba alikuwa amefanya kazi Koni, kwenye mitambo ya umeme juu ya mto Lufira, na mimi nilizaliwa na kukulia huko, kwenye nyumba za wafanyakazi, maji na umeme bure, shule bure. Mishahara ilipogeuka makaratasi yasiyonunua hata sabuni, tulihamia Kikula. Baba akawa fundi wa redio za watu, nami nikauza unga wa mahindi sokoni, napima kwa meka, lile kopo la bati tunalopimia. Hospitalini wagonjwa walikuja na glavu zao, sindano zao, hata nyuzi za kushonewa. Dawa za kupimia damu zilipatikana kwa bahati. Ukipimwa mara moja, ulishukuru. Nani angethubutu kuomba apimwe mara ya pili?

Siku zile za mwanzo nyumbani hakuna aliyeniuliza swali baya. Mama alianza kutafuta adui mwingine. Alikumbuka sindano niliyochomwa zamani nilipougua surua. Alikumbuka wembe wa msusi aliyeninyoa nywele za shingoni. Alikwenda mpaka kwa yule msusi, wakagombana barabarani, kitenge kikamfunguka mama kiunoni na bado hakunyamaza. Baba yeye alizima redio aliyokuwa akiitengeneza, akakaa nayo mapajani, hakuiwasha tena siku ile wala iliyofuata. Mimi nililia mpaka macho yakawa madogo. Nilikuwa naogopa kufa, nisifiche. Tulikuwa tumewaona watu wanavyokwisha, mashavu yanaingia ndani, na mwisho wanabebwa mgongoni kwenda kuoga.

Sokoni biashara ilikufa kabla yangu. Wateja walipita mbele ya unga wangu wakitazama mbele kama askari wa gwaride. Mmoja aliyekuwa mwema zaidi alisimama, akasema anauonea huruma unga, akaenda kununua kwa jirani. Mama ilibidi akae mahali pangu, nami nikabaki nyumbani kupika sombe, majani ya muhogo, ambayo wadogo zangu walikula kwa shingo upande. Kikombe changu kilikaa peke yake dirishani, bila mtu kuniambia ni changu. Nilikielewa tu.

Kanisani Pasta alitangaza maombi kwa ajili ya "dada yetu mumoja". Hakutaja jina, lakini kanisa zima liligeuza shingo. Ndoa haikufutwa, ilisogezwa. Watu walifunga, waliimba, waliniwekea mikono kichwani mpaka shingo ikauma. Siwacheki. Wengine walifunga kula wakati hata siku za kawaida chakula chao kilikuwa hafifu. Na mchumba wangu alikuwepo kila mara, amekaa benchi la mwisho na suruali yake yenye oili, anatikisa kichwa taratibu maombi yakiendelea. Nilikuwa nikimtazama na kusema moyoni, kumbe Mungu amenipa mtu.

Kisha nikaanza kukojoa damu.

Si kwamba ilikuwa mara ya kwanza. Utotoni Koni ilitokea, ikapita, na wenzangu wengi walikuwa hivyo hivyo, wavulana walishindana kuonyeshana. Tulidhani ni jambo la kukua. Lakini safari hii, na tumbo likinikata chini ya kitovu, niliamini mwisho wangu umepiga hodi. Nilimwita mama nyuma ya nyumba, nikamwonyesha. Alijishika mdomo. Hakulia. Aliingia ndani, akauza cherehani yake kwa jirani aliyekuwa akiitamani siku nyingi, na asubuhi tukapanda lori la Lubumbashi, mimi nimekaa juu ya magunia ya mkaa, mama akinishika kiuno kama naweza kupeperuka.

Daktari wa Lubumbashi alikuwa mtu wa makamo, mwenye uso wa kununa. Nilimweleza yote haraka haraka, ukimwi, homa, damu, ndoa. Hakushtuka hata kidogo. Aliniuliza jambo moja ambalo niliona ni la kipuuzi.

"Ulikuliaka wapi?"

"Koni, Docta."

"Mulikuwa munaoga mu Lufira?"

"Kila siku. Maji yalikuwa pale pale."

Akatikisa kichwa, akanipa kikopo nikojoe. Baadaye aliniita nichungulie kwenye darubini. Niliona vitu vidogo vya mviringo, kila kimoja kina mwiba mwishoni. Mayai, akasema. Kichocho. Minyoo iliingia kupitia ngozi yangu nilipokuwa mtoto nikiruka majini na wenzangu, na tangu hapo ilikuwa imekaa mwilini mwangu ikitaga bila kulipa kodi. Ni yeye aliyesema hivyo, la kodi, bila kucheka.

Kisha akarudi kwenye ukimwi. Alitaka kujua walipima mara ngapi. Mara moja. Kwa kipimo kingine cha kuhakikisha? Hapana. Nilikuwa na malaria siku ile? Mama akadakia kabla sijajibu, "Alikuwa anatetemeka, Docta. Ni minye nilimupeleka."

Daktari aliweka kalamu chini. Alitueleza polepole, na nilimsikiliza kwa ngozi yote ya mwili. Kipimo kile, alisema, hakimuoni mdudu wa ukimwi mwenyewe. Kinawatafuta askari ambao mwili huwatengeneza kupigana naye. Sasa mwili unaopigana na malaria, na kichocho cha miaka mingi juu yake, umejaa askari wa kila namna, na wako wanaoweza kufanana kidogo na wale wanaotafutwa. Mlinzi aliyeambiwa mwizi amevaa shati jekundu anaweza kumkamata kila mwenye shati jekundu. Ndiyo maana kipimo cha kwanza ni cha kushuku tu. Anayeshukiwa anapimwa tena, kwa kipimo cha namna nyingine, ndipo anaambiwa.

"Na kama hakuna kile kingine?" niliuliza.

"Basi bamwambie muntu hatuyajua bado," alisema. "Ile njo kazi. Haiko kusema tu."

Mama aliuliza kama basi wote walioambiwa wana ukimwi wamedanganywa. Hapo daktari alibadilika, akawa mkali. Hapana, alisema, mambo kama yangu hutokea mara chache, na wengi wanaoambiwa wanao, wanao kweli, hasa waliopimwa wakapimwa tena. Asithubutu mtu kuchukua habari yangu akaitumia kujidanganya. Na mimi mwenyewe nisifurahi kabla ya wakati. Alinitoa damu, akanipa dawa ya kichocho, akaniambia niitibu vizuri malaria ikinirudia, nirudi baada ya miezi kadhaa.

Damu aliyonitoa siku ile, kwa kipimo cha namna nyingine, haikuonyesha kitu. Niliporudi, nikiwa nimepona kichocho na nimenenepa mashavuni, walipima kwa vipimo vyote viwili. Hakuna kitu. Hata kile cha kwanza, kilichonihukumu Likasi, safari hii kilinyamaza.

"Docta, nimepona?" mama aliuliza.

"Kichocho amepona. Sida hakukuwa nayo hata siku moja."

Nilimwomba aseme tena. Akasema tena. Nilimuuliza basi ni kipi kilichonisingizia, malaria au kichocho? Alinyoosha mikono. Huenda hiki, huenda kile, huenda vyote viwili, huenda hata dawa ya kupimia ilipata joto njiani. Hakujua, na alikiri kwamba hajui. Nilimpenda kwa hilo.

Njiani kurudi niliimba juu ya magunia. Dereva alitoa kichwa dirishani kuangalia kuna nini. Nilikuwa nawaza uso wa mchumba wangu atakaposikia, nilikuwa nimeshapanga mpaka maneno. Lakini tulipofika Kikula mama hakuingia hata nyumbani. Alishuka kwenye lori, akakusanya kitenge chake mkononi, akakimbilia kanisani miguu mitupu akipiga vigelegele.

Mpaka nifike mimi na mizigo, ngoma zilikuwa zinalia. Watu wanaruka. Mama wa kamati, yule wa mkoba mweusi, alinikumbatia akaninyanyua juu. "Yesu amekuponyesha! Yesu ameosha damu!" Nilimtafuta mama kwa macho, nikamwona amepiga magoti mbele, analia kwa furaha, na sijui alikuwa amewaambia nini hasa. Nadhani alisema tu "hana tena". Neno hilo "tena" lilitosha.

Pasta alikuja nyumbani jioni ile ile kupanga ushuhuda wangu. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililonitia shida, kwa sababu mtu mwema ni vigumu kumkatalia. Alikuwa amekonda kwa kufunga kwa ajili yangu. Alikaa kwenye kiti cha baba, machozi yanamlenga.

"Pasta," nilimwambia, "minye sikukuwaka mugonjwa wa sida. Docta alisema. Walikosea. Ilikuwa malaria na kichocho."

Alinitazama kwa upendo mkubwa. "Binti yangu, ku labo walikukuta nayo. Mama wa kamati alisikia. Sasa haiko. Katikati ya ile na hii, tulifanya nini? Tuliomba."

"Tuliomba, ndiyo. Lakini haikukuwako."

"Docta anajua ya docta," alisema akiinuka. "Usimwibie Mungu utukufu wake. Siku ya Mungu utasimama, useme tu yale uliyoona."

Baba, aliyekuwa kimya tangu mwanzo wa habari hii yote, alimsindikiza mpaka nje. Aliporudi akaniambia, "Sema vile unapenda," akaenda kulala.

Huenda ningesema machache, niwaachie furaha yao. Nilikuwa na hamu ya harusi yangu, na muujiza ulikuwa unanifungulia mlango kirahisi sana. Lakini Jumamosi alikuja mwanamke mmoja jirani, aliyekuwa akinunua unga kwangu kabla ya mambo haya. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliopita, na yeye mwenyewe mifupa ya shingo ilikuwa inahesabika. Alikaa ukingoni mwa kiti, akanishika mkono, mtu wa kwanza nje ya familia na kanisa kunishika mkono kwa muda mrefu.

"Dada," alisema, "niambie ulifunga namna gani. Maji ulikunywa, ao hata maji hapana?"

Nikamuuliza kwa nini. Akafungua pindo la kitenge. Ndani vilikuwemo vidonge vya kifua kikuu alivyopewa zahanati. Alikuwa ameacha kuvinywa tangu siku ile ngoma zilipolia.

Nilimwambia yote, mto, mayai yenye mwiba, mlinzi na shati jekundu, nikamsihi arudie dawa zake hapo hapo, nikamletea maji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaachia mkono wangu.

"Hautaki kutuambia," alisema. "Weye umepata, sasa unafunga mulango."

Aliondoka bila kunywa. Nilimfuata mpaka barabarani nikimwita, watu wakitazama, na hakugeuka.

Kwa hiyo Siku ya Mungu nilisimama mbele ya kanisa lililofurika, watu mpaka madirishani, na nikasema. Nilisema sikuponywa ukimwi kwa sababu sikuwa na ukimwi. Nilisema nilipimwa mara moja nikiwa na malaria, na kichocho cha Lufira tumboni, na damu ya mtu mwenye magonjwa mengine inaweza kutoa jibu la uongo, ndiyo maana lazima irudiwe kwa kipimo kingine. Nilisema anayekunywa dawa yoyote ya hospitali aendelee kuinywa, na anayeomba aendelee kuomba, Mungu hakatazi vidonge. Nilimtafuta yule jirani kwa macho. Hakuwepo.

Halafu mtu mmoja nyuma akasema "Amina" kwa sauti ya kuuliza, na Pasta, maskini, akaanzisha wimbo. Waliimba juu ya maneno yangu mpaka yakazama. Mama wa kamati alitikisa kichwa akinitazama, kama mtu anayemwangalia mtoto aliyemwaga maziwa.

Mchumba wangu alinifuata nje, nyuma ya kanisa, pale akina mama walipokuwa wameinjika sufuria kubwa za bukari, ugali wetu, kwa ajili ya sherehe ya ushuhuda. Nilipomwona anakuja nikajua sasa nitapumzika. Kama kulikuwa na mtu mmoja duniani wa kuniamini, ni yeye. Alikuwa akijua tumeishi vipi. Hakuwahi kunigusa zaidi ya mkono, na ni yeye mwenyewe aliyesema tungoje.

Alivua kofia, akaizungusha mikononi.

"Juu ya nini ulisema vile?" aliniuliza. "Ilikuwa imekwisha. Bantu bote walikuwa bamekusamehe."

"Bamenisamehe nini?"

Alitazama chini. Alikuwa anaona haya kwa niaba yangu, niliona wazi, na alijitahidi kunitunzia heshima.

"Minye nilikusamehe tangu ile siku ku labo," alisema. "Njo maana nilikuya kila siku. Nilikata shauri mu roho yangu: nitamuoa hivi hivi. Na sitakuuliza, hata tukizeeka, sitakuuliza ilikuwa na nani."

Miezi yote ile. Kila alipokaa benchi la mwisho akitikisa kichwa, kila alipokuja na ndizi za Kakanda akaziweka mlangoni bila kelele, alikuwa amekaa na mwanamume mwingine kichwani, mwanamume asiye na sura, anamsamehe, ananisamehe. Nami nilidhani ananiamini. Mama aliwashuku wasusi, akawashuku manesi, hakunishuku mimi. Huyu hakumshuku mtu mwingine hata dakika moja.

Nilijaribu mara ya mwisho. Nilimwambia taratibu, kila neno mahali pake. Docta amepima kwa vipimo viwili. Sikuwa nao hata siku moja. Hakuna mtu. Hajawahi kuwepo mtu. Nikamuuliza, "Sasa, unajua ile yote, na bado unanisamehe?"

Akanishika mkono mbele ya wale akina mama wote na masufuria yao, mpole kama kawaida yake, macho yamejaa machozi.

"Ndiyo," alisema. "Bado."

Niliutoa mkono wangu. Nikamwambia, kwa sauti iliyosikika mpaka ndani walikokuwa wakiimba, kwamba harusi hakuna.